Nafasi Chini ya Jina la Mutegi

Jumatatu, 24 Novemba 1997

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Mtihani wa mwisho tuliufanya Alhamisi, na kurasa thelathini na moja zimebaki tupu, ni vibaya kuzitupa. Nitaandika humu mpaka matokeo yatoke. Sina mtu wa kuongea naye sana. Hata nikimpata, maneno hunijia akishaondoka.

Mvua. Redio inasema ni El Nino. Mama anasema ni mvua tu, ila hii haina adabu.

Jumanne, 25 Novemba

Kuchuma kahawa. Mvua.

Jumatano, 26 Novemba

Kuchuma kahawa. Mvua. Gambuti la kushoto limetoboka kisigino.

Ijumaa, 28 Novemba

Mama ana homa, kwa hivyo nilipeleka kahawa faktori peke yangu. Foleni ilifika barabarani. Tulimwaga kahawa kwenye turubai tukachagua, nyekundu huku, mbichi na zilizooza kule, mvua ikitupiga mgongoni. Nilipofika kwenye mizani nilikuwa nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu.

"Msichana wa Mzee Bundi, unasoma nini hapo chini?" aliuliza Mutegi, karani wa mizani.

Nilikuwa nasoma maandishi ya gunia. Sikujua kwamba midomo yangu ilikuwa inatembea.

"Gunia linasemaje?"

"Linasema... weka mbali na watoto."

Akina mama wote wakacheka. Mmoja akasema, "Mpeni Biblia kabla hajamaliza magunia yetu!"

Mutegi hakucheka. Alitoa kitabu chini ya leja yake, kimefungwa kwa gazeti. Alisema alikinunua kwa mtu anayetandaza vitabu vikuukuu nje ya uwanja wa Kinoru.

"Hakina jalada, hata jina lake silijui. Lakini kina masharti. Ukianza kukisoma, andika jina lako nyuma. Wote waliokisoma wameandika. Ukimaliza, mpe mwingine. Usikifungie sandukuni."

Nilikiweka ndani ya sweta. Sikusema hata asante.

Jumamosi, 29 Novemba

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu kuna orodha. Wa kwanza ni Jedidah Wawira, Embu, Agosti 1989. Chini ya jina lake umechorwa mshale unaokwenda kwa Muriithi, 1990. Kutoka kwa Muriithi mshale unakwenda kwa Njuki, ambaye hakuandika mwaka, ameandika tu "nimelia." Halafu Mutegi, Oktoba 1997. Na chini ya Mutegi kuna mshale ambao haujamfikia mtu.

Nilichukua penseli nikaandika Kanana. Kisha nikalitazama jina langu hapo, chini ya lake, na mshale unatoka kwake kuja kwangu. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha pili aliacha shule akiwa na mimba, na alipoulizwa alimtaja Mutegi. Kanisa lilikaa kikao, likamtoa Mutegi katika ushirika. Mwenyekiti wa kikao hicho alikuwa Baba.

Nikachukua raba nikafuta. Limebaki doa la kijivu, kama la kidole kichafu.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisani. Baada ya ibada Baba alinionyesha kwa mchungaji kama mtu anayeonyesha ndama. Kila mwaka kanisa letu humwandikia msichana mmoja barua ya kuombewa nafasi chuo cha walimu. "Mwaka huu tutaona," mchungaji alisema, akanitazama. Nilitazama viatu vyangu.

Jumanne, 2 Desemba

Kuchuma kahawa. Mvua. Nasoma ghalani, juu ya mahindi, Mama akidhani nachagua maharagwe. Ni habari za mjane anayeishi katika nyumba kando ya reli. Wanataka kuibomoa nyumba hiyo, naye hataki kutoka. Kila sura wanakuja watu wengine kumwambia atoke: kwanza diwani, kisha shemeji zake, kisha mtoto wake mwenyewe. Anawapikia wote chai.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemaliza. Mwisho sitauandika hapa, nisije nikamharibia mtu. Nilikaa kwenye mahindi mpaka Mama akaita mara tatu.

Jumapili, 7 Desemba

Makandi alikuja kwao leo. Kwao na kwetu tunatenganishwa na ua wa miti tu. Tulisoma naye darasa moja mpaka kidato cha pili, na insha zake ndizo mwalimu alizokuwa akitusomea. Kisha babake akakosa karo, na Kinoti akaja na wazee kumposa. Sasa anaishi ng'ambo ya mto. Kinoti ananunua miraa Maua na kuisafirisha Nairobi, hurudi nyumbani Jumatano na Jumapili. Wana mtoto wa miezi minane, Nkatha, ambaye ananyonya huku amekukazia macho kama polisi.

"Kanana, nitafutie kitu cha kusoma," Makandi alisema. "Kwa Kinoti kuna kalenda tu, na nimeisoma mpaka Desemba."

Nikampa kitabu. Nikamwambia kimetoka kwa Mutegi, na masharti yake. Alifurahi sana. Akaomba kalamu palepale, akaandika kwa herufi kubwa chini ya lile doa: Makandi, Desemba 1997.

"Na la kwako?"

"Nitaandika kikirudi."

"Waogopa jina lako pia?" Akacheka, akampachika Nkatha mgongoni, kitabu akakifunga ndani ya leso pamoja na mtoto.

Jumatano, 10 Desemba

Kuchuma kahawa. Mvua. Makandi alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya mto, akiwa anateka maji. "Yule mjane asitoke! Akitoka nakutupia kitabu mtoni!"

Jumamosi, 13 Desemba

Kuchuma kahawa. Mvua.

Jumanne, 16 Desemba

Makandi amerudishwa kwao. Niliwaona wakipita, yeye mbele na kaka wawili wa Kinoti nyuma, kama ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Jicho moja limefungwa kabisa. Mkono wa kulia ameushika kwa mkono wa kushoto. Nilimtafuta Nkatha mgongoni mwake. Mgongo ulikuwa mtupu.

Jioni Mama alirudi kutoka kwao akatuambia. Kinoti alipata kitabu chini ya godoro. Nyuma kuna jina la Mutegi, na mshale, na jina la mkewe.

Sikula.

Jumamosi, 20 Desemba

Nitaandika yote.

Wazee walikaa kwa kina Makandi, sebuleni kwa ajili ya mvua. Watatu wa upande wa Kinoti, watatu wa upande wa babake Makandi, na Baba aliitwa kwa kuwa ni jirani na mzee wa kanisa. Mzee Muturi ndiye aliyeongoza. Kifungu cha miraa ya wazee kilikuwa mezani, kimefungwa kwa jani la mgomba. Mamake Makandi aliniomba nisaidie chai, kwa hivyo nilikuwa mlangoni na birika.

Kinoti alisimama. Si mtu mkubwa. Alikuwa amevaa koti la harusi yao.

"Wazee, mimi ni mtu wa miraa. Gari la Nairobi halingoji mtu. Narudi nyumbani nimechoka, namkuta bibi yangu anacheka peke yake na karatasi. Nikamuuliza, unacheka nini? Ananiambia, mjane amewafungulia mbwa. Mjane gani? Kwetu hakuna mjane! Basi nikangoja aende mtoni, nikatafuta. Someni wenyewe."

Kitabu kikaanza kupita kutoka mkono hadi mkono. Mzee wa kwanza alikishika juu chini. Wa pili akakigeuza.

"Kitabu kizima hakina picha hata moja?" aliuliza.

"Na huyu Jedidah ni nani?"

"Lazima ni bibi ya Muriithi."

"Muriithi naye akampa Njuki? Ai! Watu wa Embu hawa!"

Wakacheka. Hata babake Makandi alicheka kidogo, kisha akakumbuka kikao ni cha bintiye.

Mzee Muturi aligonga meza. "Makandi, ulipewa kitabu hiki na nani?"

Makandi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. "Nilipewa na msichana mwenzangu."

"Yupi?"

"Mwenyewe akitaka atasema."

Alinitazama kwa lile jicho linalofunguka. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama tulivyokuwa tukitazamana darasani, mmoja akijua jibu na mwingine akingoja anyooshe mkono. Alijua habari ya barua ya kanisa. Aliniachia mimi niseme.

"Hataki kumtaja kwa sababu hayupo," alisema Kinoti.

"Macho yangu yamezeeka," Mzee Muturi alisema. "Nani atusomee haya majina vizuri?"

"Kanana amemaliza kidato cha nne," Baba akasema. Alisema kwa fahari. "Kanana, weka birika chini."

Niliweka birika chini. Nikapewa kitabu. Nilisoma, na sauti yangu ilikuwa safi kuliko siku zote: "Jedidah Wawira, Embu, Agosti 1989. Muriithi, 1990. Njuki, nimelia. Mutegi, Oktoba 1997."

"Endelea, mwari," alisema Mzee Muturi. Hivyo ndivyo wazee wanavyotuita sisi wasichana.

"Makandi, Desemba 1997."

"Huu mshale unatoka kwa nani?"

"Kwa Mutegi."

"Na katikati ya hawa wawili hakuna jina lingine?"

Doa lilikuwa chini ya kidole changu gumba. Baba alikuwa ananitazama akitabasamu, kwa sababu nilikuwa nimesoma bila kukwama.

"Hakuna," nikasema.

Makandi aligeuka akatazama dirisha. Hapo ndipo nilipoona kifua cha gauni lake kimelowa, mahali pawili, na haikuwa mvua. Hakuna mzee aliyeuliza habari za hayo. Waliamua kwamba Makandi akae kwa babake mpaka kikao cha pili, ng'ambo kwa kina Kinoti, tarehe tatu Januari, na Mutegi aitwe. Mtoto abaki kwa mamake Kinoti. Ana meno, anaweza kunywa uji, walisema.

Nikaokota birika nikawaongeza chai.

Jumapili, 21 Desemba

Mamake Makandi alimjia Mama jikoni. "Msichana wangu sasa anasema ni Kanana aliyempa. Amelia mpaka amesema."

"Kanana wangu?" Mama alisema. "Kanana hawezi hata kumsalimia karani. Na jana si ni yeye aliyewasomea wazee? Angekuwa ni yeye asingesema?"

Mamake Makandi akaondoka bila kuaga.

Mama aliendelea kukoroga sufuria. "Ulimpa?"

Nilitazama moto.

"Basi usiniambie," alisema Mama.

Jumatatu, 22 Desemba

Kinoti alienda faktori na panga. Mutegi aliruka dirishani. Wanasema amekimbilia upande wa Embu na hatarudi. Sasa wanaojua ni Makandi na mimi, na Makandi haaminiki.

Jumatano, 24 Desemba

Mto umebeba daraja. Watu walisimama kando kutazama miti ikipita, na mbuzi mmoja ambaye kichwa chake kilikuwa bado juu. Kila mtu alisikitika. Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kikao cha tarehe tatu hakitakuwako.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Chapati. Mvua.

Jumatatu, 29 Desemba

Siku ya kura. Baba alienda asubuhi akarudi jioni ametota. Umri wangu bado.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Barabara imekatika, faktori haipokei kahawa. Tunachuma tu na kumwaga ghalani, inachacha. Pale nilipokuwa nikisomea pananuka kama pombe.

Jumanne, 6 Januari

Nilienda kukata majani ya ng'ombe nikamkuta Makandi katikati ya migomba yao. Alikuwa amefungua gauni anakamua maziwa chini, kwenye udongo. Mkono mmoja bado umefungwa, kwa hivyo alikuwa anafanya polepole.

"Yakikaa yanauma," alisema. Ndilo neno la kwanza kuniambia tangu siku ile.

"Pole," nikasema.

"Pole ya nini? Kwani wewe umefanya nini?"

Alingoja nijibu. Alingoja kweli, aliacha hata kukamua. Mdomo wangu ulifunguka. Kisha Mama akaita kutoka ng'ambo ya ua, nami nikachukua majani nikaenda. Nilikuwa sijakata hata nusu ya mzigo.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Kuchuma kahawa.

Jumapili, 11 Januari

Niliamua kumwambia Baba baada ya ibada. Baada ya ibada alikuwa na mchungaji. Kisha alikuwa anakula. Kisha alikuwa amelala. Kuna wakati mzuri wa kila jambo lakini huu wangu sijauona.

Jumatano, 14 Januari

Mtu aliyevuka kwa kamba amesema Nkatha ana kikohozi, lakini anakula.

Jumapili, 18 Januari

Mama anasema Makandi hakamui tena. Yamekauka.

Jumapili, 25 Januari

Barua ya kanisa imeandikwa. Ni mimi. Baba aliileta nyumbani katika bahasha ya kaki, akasema niisome kwa sauti, Mama asikie.

"Kanana ni binti wa tabia njema, mtiifu kwa wazazi, na mkimya katika mambo yote."

"Hapo pa kusema mkimya niliwaambia wapaandike," Baba alisema. "Wasichana wa siku hizi wana mdomo. Soma tena."

Nikasoma tena. Nilisikia sauti yangu ikiwa safi, bila kukwama, na nikaijua. Ni ileile ya siku ya birika. Mama alitoka nje kwenda kuangalia kuku, na kuku walikuwa wamelala.

Alhamisi, 29 Januari

Siku mbili bila mvua. Wanaume wamelaza magogo mtoni. Kikao ni keshokutwa.

Jumamosi, 31 Januari

Sikuitwa. Niliwaacha watangulie, kisha nikawafuata. Magogo yalikuwa yanateleza, nikavuka kwa magoti. Nilifika kwa babake Kinoti nikiwa na matope mpaka kiunoni.

Walikuwa wamekaa nje, kwenye jua. Mamake Kinoti alikuwa na Nkatha mgongoni. Makandi alikaa peke yake kwenye benchi, kwa upande. Kitabu kilikuwa mezani, juu yake wameweka jiwe, upepo usikifungue.

"Mwari, leo tuna watu wa chai," alisema Mzee Muturi.

"Sikuja kwa chai."

Baba aligeuka.

"Basi sema."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini? Paza sauti, mimi ni mzee."

"Mutegi alinipa mimi. Kule faktori. Mimi ndiye niliyempa Makandi. Yeye hajawahi kuongea na Mutegi. Niliandika jina langu kwa penseli, nikalifuta."

Kinoti alicheka. "Nani amekutuma? Siku ile si ulisema hakuna jina?"

"Halikuwapo. Nilikuwa nimelifuta."

"Wazee, huyu ni rafiki yake! Wamekaa chini wakapanga!"

Mzee Muturi aliondoa jiwe. Alifungua nyuma, akapitisha ukucha juu ya doa, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo. Kisha akampa mdogo wake aliyekaa kando yake, aliyeufunua ukurasa ukasimama wima, akauelekeza kwenye jua.

"Kuna mifereji," alisema mdogo wake. "Ka... na... Ni Kanana. Imeandikwa hapa."

Ng'ombe wa kina Kinoti alikuwa anajikuna kwenye nguzo.

"Mpeni kalamu," Mzee Muturi alisema. "Kalamu ya wino. Andika hapo ulipofuta, tukikuona."

Niliandika. Jina limekaa kama la mtoto wa darasa la kwanza.

"Na mshale."

Nikachora mshale kutoka kwangu kwenda kwa Makandi.

"Kwa hivyo nilimpiga bure?" Kinoti aliuliza. Alikuwa anauliza wazee kweli, uso umemlegea. Wazee walitazama miraa yao. Mwisho Mzee Muturi akasema kwamba atatoa mbuzi, na kwamba mtoto atapelekwa kwa mamake Jumamosi ijayo, kikohozi kikipungua. Kitabu akanipa mimi. "Hiki ni chako, mwari. Kila mtu ameona."

Makandi hakunitazama. Alikuwa anamtazama Nkatha mgongoni mwa nyanyake.

Njiani Baba alitangulia. Kwenye magogo alisimama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaushika, akanivusha. Tulipofika ukingoni akauachia.

"Siku ile ya birika ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi ndiye niliyekuambia usome."

Akatangulia tena mpaka nyumbani.

Jumapili, 1 Februari

Baba aliomba ile barua. Nilimpa. Hakuirarua. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaenda nayo kanisani. Mimi na Mama hatukwenda.

Jumanne, 3 Februari

Kuchuma kahawa. Mvua imerudi kidogo.

Jumamosi, 7 Februari

Wamemleta Nkatha. Niliona kutoka kwenye ua, kisha mamake Makandi akaniona akaniambia niingie, nijionee.

Makandi alinyoosha mikono, na mtoto akaficha uso shingoni mwa mamake Kinoti. Walimtoa kwa nguvu. Alilia akijinyoosha kama ubao. Makandi alifungua gauni akampa titi. Nkatha alilishika kwa mdomo, akavuta mara mbili, akaliachia, akamtazama mamake kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kisha akalia tena akimtaka yule mama mwingine, ambaye naye alikuwa analia mlangoni.

Makandi alifunga vifungo vya gauni kimoja kimoja. Mkono wa kulia haukunjiki vizuri.

"Ungesema siku ya birika," alisema, "ningekuwa na maziwa."



Jumapili, 8 Februari

Barua imeandikwa upya kwa jina la msichana mwingine. Mwanakwaya. Baba hajaniambia, nilisikia.

Jumatano, 11 Februari

Kinoti alileta mbuzi. Babake Makandi alipokea. Makandi alikataa kutoka nje kumsalimia, na amesema harudi. Babake anasema atarudi. Shangazi zake wamekuja mmoja mmoja kumshauri arudi, na mamake anawapikia wote chai.

Jumamosi, 14 Februari

Mamake Makandi alisimama kwenye ua. "Anataka kile kitabu. Anasema alikuwa amebakisha kurasa arobaini."

Nilikimbia kukileta. Nilitaka kukipeleka mwenyewe, lakini alinyoosha mkono, nikakipitisha juu ya ua.

Jumatatu, 16 Februari

Kutoka ghalani naweza kumwona. Anasoma kwenye kigoda, Nkatha amefungwa mgongoni, bado anamgomea. Makandi anageuza kurasa kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 26 Februari

Matokeo yametoka. C ya kujumlisha, na Kiswahili B. Baba alisema, "Vizuri," akaenda kufunga ng'ombe.

Jumapili, 1 Machi

Hakuna mvua. Hakuna kahawa, mitini wala ghalani. Zimebaki kurasa mbili tu, huu na mwingine.

Makandi alikuja kwenye ua, Nkatha kiunoni. Mtoto amezoea sasa, alikuwa anamvuta sikio. Kitabu kilikuwa kimefungwa tena kwa gazeti, vizuri, pembe zimekunjwa kama tulivyofundishwa shuleni. Akanipa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Uliupenda mwisho?"

Alifikiri. Nilidhani atanijibu. Nkatha akaanza kunung'unika, naye akamhamishia upande mwingine, akaenda.

Nilifungua nyuma. Jedidah, Muriithi, Njuki, Mutegi, Kanana. Chini yangu ni ule mshale niliouchora mbele ya wazee. Jina la Makandi halipo. Amelifuta kwa kidole chenye mate, na kwa kuwa lilikuwa la wino alilazimika kusugua sana, mpaka karatasi ikatoboka. Mshale unatoka kwangu, unaishia kwenye tundu.